Sentimita Moja Katikati ya Mawimbi: Mhadhara Juu ya Vichujio vya Umeme na Vipimo vya Viwandani

(Ulitolewa Nsambya, Kampala, mbele ya mafundi, wanafunzi na wakazi wa mtaa. Unachapishwa kama ulivyosemwa, isipokuwa michoro ya ubaoni.)



Nilipoulizwa nitasema kwa lugha gani, nilijibu kwamba mlima huu umekwisha kunijibia. Nsambya ilikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli, na ina kambi ya polisi hadi leo. Katika sehemu hizo mbili Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi muda mrefu kabla Katiba yetu haijarekebishwa mwaka 2005 na kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Fundi wa reli aliyetoka Mombasa, aliyetoka Kisumu na aliyetoka Tororo walielewana kwa lugha hii wakiwa chini ya behewa, mikono ikiwa imejaa grisi. Basi leo tuseme mambo ya elektroniki kwa lugha hiyo hiyo ya grisi. Kijana akiniona nimekwama kwa neno, anisaidie kwa sauti, asinicheke pembeni.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba anayetaka kuondoa kelele katika kipimo asianze na kichujio. Aanze na swali: kitu hiki ninachokipima, chenyewe kinaweza kubadilika upesi kiasi gani? Akishalijua jibu, kichujio kitajichagua. Asipolijua, hata kifaa cha bei ya gari kitamdanganya. Nitaleta hoja chache. Zimepewa namba, lakini hazilingani kwa urefu, kwa sababu uzito wake haulingani.

Neno moja kwanza. Nikisema kelele, sina maana ya sauti tu. Genereta ile iliyoko nyuma ya ukumbi inanguruma, na hiyo ni kelele kwa masikio yenu. Lakini waya unaoleta habari ya joto la tanuri nao huokota mitikisiko ya umeme isiyohusu joto lolote, na tanuri likasomeka kama linaruka. Hiyo ndiyo kelele ya mpimaji: kila kinachoongezeka juu ya habari uliyoiagiza.

HOJA YA KWANZA: KICHUJIO HAKIUJUI UKWELI, KINAJUA KASI TU

Tutoke hapa twende Jinja. Kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu mwaka 1896. Mei 1964, baada ya mvua zile kubwa zilizoanza 1961, kipimo cha Jinja kilifika mita 13.41. Wazee wanakumbuka. Kikakaa hapo kama rekodi kwa miaka 56. Kisha mvua za 2019 na 2020 zikaja, ziwa likapanda zaidi ya mita moja kwa miezi michache, landing site zikazama, watu wa Ggaba na Port Bell wakahama na majiko yao, na Mei 2020 kipimo kikasoma mita 13.42. Rekodi ikavunjwa kwa sentimita moja.

Sasa nawauliza, hasa mliowahi kupanda mtumbwi: nani amewahi kuona ziwa limetulia kiasi cha kupimika kwa sentimita? Asubuhi tu upepo ukianza, wimbi linakuja la nusu mita. Boti ikipita, linaongezeka. Anayesoma rula iliyosimamishwa majini anaona maji yakipanda na kushuka mbele ya macho yake, naye anatakiwa kuandika sentimita. Wala sentimita hiyo si ya kujivunia tu. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sentimita moja juu ya eneo hilo ni maji ya mita za ujazo milioni 688. Mto Nile ukitoka Jinja kwa mita za ujazo 1,000 kila sekunde, utahitaji karibu siku nane kuyabeba. Na maji yanayofunguliwa kupita kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, iliyozinduliwa 1954, na Kiira iliyo pembeni yake, yalipangwa tangu zamani yafuate kina cha ziwa. Ukikosea kina, umekosea mto.

Dawa ya mawimbi hayo ni ya kale, na haina umeme hata kidogo. Chukua bomba pana, lisimamishe wima ndani ya maji, lizibe chini, kisha toboa tundu dogo karibu na kitako. Pima maji yaliyo ndani ya bomba, si yaliyo nje. Wimbi linapokuja, maji ya nje yanapanda kwa sekunde mbili, lakini tundu ni dogo: kabla maji ya kutosha hayajaingia, wimbi limekwisha kupita na maji yanataka kutoka. Ndani kunatulia kama mtungini. Lakini ziwa likipanda kweli, kwa siku na wiki, tundu lina muda wote linaouhitaji. Ndani na nje vinalingana.

Angalieni bomba hilo limefanya nini. Halikujua kipi ni ukweli na kipi ni uongo. Limepitisha cha polepole, likazuia cha haraka. Ukweli tulikuwa nao sisi, tuliojua kwamba ziwa zima haliwezi kupanda nusu mita ndani ya sekunde mbili. Na kwa kuwa bomba linajua kasi tu, kuna kelele inayolipita. Upepo ukilisukuma ziwa upande mmoja kwa saa kadhaa, maji hujaa pwani moja na kupungua nyingine, kisha yanarudi kama uji kwenye bakuli lililotikiswa. Mwendo huo ni wa polepole, tundu linauruhusu, na kipimo kinaudaka. Ndiyo maana tunachukua wastani wa siku nzima, na vituo zaidi ya kimoja.

Pale Ggaba, mwisho wa barabara hii yetu, maji ya Kampala huchujwa kwa mchanga kabla ya kusukumwa hadi matangi ya Muyenga, mlima ambao sote tunauita Tank Hill. Mchanga huchagua kwa ukubwa: kikubwa kinabaki, kidogo kinapita. Kichujio cha umeme huchagua kwa kasi. Tukihesabu mitikisiko kwa sekunde tunasema hezi. Umeme wa majumbani unatikisika mara 50 kwa sekunde, hezi 50. Joto la tanuri kubwa la matofali halifikishi mtikisiko mmoja kwa dakika. Vitu viwili vyenye kasi tofauti hivyo hutenganishwa bila taabu.

Si lazima kupitisha cha polepole. Wazee wa reli wanamkumbuka mtu aliyetembea kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele; lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Stesheni imejaa kelele, mvuke unafoka, abiria wanaitana, naye sikio lake limechagua mlio mmoja tu wa chuma. Hicho ni kichujio kinachopitisha mkanda wa katikati, kikakataa vya chini na vya juu. Vipo pia vinavyofanya kinyume chake, vinavyokata mkanda mmoja mwembamba na kuacha mengine yote. Vyote ni ndugu, na vyote ni vipofu kwa ukweli.

HOJA YA PILI: KELELE INA KWAO

Hii nitaisema kwa ukali kidogo, maana nimezeeka nikiiona. Fundi anakuta kipimo kinaruka, anakimbilia menyu ya kifaa, anaongeza namba ya kulainisha hadi ruko linaisha, anaondoka. Amefunika chungu kinachochemka.

Kelele hutoka mahali na hupita njia fulani. Siku hizi nyumbani kwake kwa kawaida ni draivu ya mota. Viwanda vyetu vya Namanve, Jinja na Tororo vimefunga draivu hizi kwa sababu zinabana matumizi ya umeme na kuruhusu mota izunguke kwa mwendo unaotaka. Hufanya hivyo kwa kukatakata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde, kati ya elfu 2 na elfu 16 kwa nyingi zake. Kila ukato ni kama kofi juu ya waya. Sasa mtu anachukua kebo ya mota hiyo na kebo ya kipimo cha joto, anazilaza pamoja kwenye trei moja kwa mita 40, kisha anashangaa.

Pima ukubwa wa ugomvi huo. Themokapo, zile nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha, aina ya K inayotumika sana matanurini, hutoa mikrovolti zipatazo 41 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kelele ya milivolti moja tu, ambayo huwezi kuihisi kwa kidole wala ulimi, inasomeka kama nyuzi 24. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: tenganisheni trei kwanza, sokoteni nyaya mbili za kipimo moja juu ya nyingine ili kofi lizipige sawasawa na tofauti yao ibaki safi, kebo iwe na ngao ya wavu wa shaba. Na ngao hiyo, kwa vipimo vya polepole kama joto na kina, iungwe athi upande mmoja. Mkiunga pande zote mbili, ardhi ya huku na ardhi ya kule hazilingani volti, mkondo utatembea ndani ya ngao yenyewe, na mlinzi atakuwa mwizi.

Pale inapowezekana, tuma mkondo badala ya volti. Utaratibu wa miliampia 4 hadi 20 umedumu viwandani kwa miongo mingi kwa sababu nzuri: mkondo ni ule ule mwanzo na mwisho wa waya, hata waya ukiwa mrefu, na sifuri halisi ina maana waya umekatika. Tangi la mita 10 hupata miliampia 1.6 kwa kila mita. Ni habari nene, haichafuki kwa urahisi.

HOJA YA TATU: CHUJA KABLA KOMPYUTA HAIJATAZAMA

Hapa ndipo nitakaa, mwenyekiti anivumilie.

Kichujio cha kwanza kabisa ambacho kila fundi anaweza kukitengeneza kina vitu viwili, rezista na kapasita. Rezista ni lile tundu dogo. Kapasita ni bomba lenyewe. Umeme unajaa ndani ya kapasita ukipitia kwenye tundu la rezista, na mtikisiko wa haraka unakwisha kabla haujajaza kitu. Chukueni rezista ya kiloomu 16 na kapasita ya mikrofaradi 10. Zidisheni, pata sekunde 0.16, zidisheni kwa mbili ya pai, mgawanye moja kwa jibu. Mtapata karibu hezi 1. Chini ya hapo kunapita, juu ya hapo kunaanza kupunguzwa, na kwenye hezi 50 kelele inashuka mara 50 hivi. Ruko letu la nyuzi 24 linabaki nusu nyuzi. Mkipanga vichujio viwili kama hivyo, na kikuza umeme katikati ili visibanane, kelele hupungua mara 2,500. Vifaa hivyo vinapatikana madukani hapa mjini, na vinauzwa kwa pesa ya chai na chapati.

Elimu hii ilianzia kwenye simu. Mwaka 1915 George Campbell huko Marekani na Karl Willy Wagner huko Ujerumani, kila mmoja kivyake, walipata namna ya kupanga koili na kapasita ili waya mmoja utenganishiwe mazungumzo mengi. Mwaka 1930 Mwingereza Stephen Butterworth akaonyesha jinsi ya kuzipanga hatua ili vinavyopita vipite bila kupindwa. Jina lake limo katika kila programu ya vipimo leo, na wengi wanaolibonyeza wanadhani ni jina la kampuni.

Kijana mmoja pale nyuma anatabasamu. Najua anawaza nini: ya nini kuhangaika na kapasita, wakati kompyuta inaweza kuchuja kwa mistari mitatu ya programu? Nitamjibu kwa kisa.

Miaka mingi iliyopita niliitwa kwenye kiwanda fulani, jina lake niacheni nilimeze. Tanuri lao lilikuwa linasomeka likipanda na kushuka, taratibu, kwa mpango, kama mtu anayepumua usingizini. Kila sekunde kumi hivi, juu, chini. Walikuwa wamekwisha kubadili vali ya mafuta. Wamebadili kihisi mara mbili. Mhandisi wa nje ameandika ripoti kwamba bana, yaani kichomeo, ina kasoro. Kompyuta ilikuwa ikichuja kwa programu nzuri kabisa, na bado pumzi ile ilikuwapo, safi, bila mchubuko.

Aliyefungua fumbo hakuwa mimi. Alikuwa mama mmoja mwendesha mtambo wa zamu ya usiku. Alinivuta kando akasema: mzee, hili joko mchana linapumua polepole, lakini likifika saa mbili usiku linahema. Na siku umeme ukikatika, tukiwa kwenye genereta, linatetemeka kama lina homa.

Joko lina nini na saa mbili usiku? Nikakaa na chai yangu nikafikiri. Saa mbili usiku Kampala nzima imewasha taa, pasi na jiko. Mzigo ukizidi, mashine za kule mabwawani huelemewa kidogo, na umeme wa hezi 50 unakuwa wa 49.8. Genereta ya kiwandani nayo ilikuwa ikienda 50.5. Kumbe kompyuta yao ilikuwa inakitazama kipimo mara 50 kamili kwa sekunde, kwa saa ya fuwele isiyoyumba.

Mmeona? Mtazame mtu anayeruka kamba mara 50 kwa sekunde, nawe unafumbua macho mara 50 kwa sekunde. Kila ukifumbua, utamkuta hewani mahali pale pale. Utaapa kwamba amesimama hewani. Umeme ukiwa 49.9, kila ukifumbua amechelewa kidogo, na utamwona akishuka na kupanda polepole, mzunguko mmoja kwa sekunde kumi. Ukiwa 49.8, sekunde tano: joko linahema. Kwenye genereta ya 50.5, sekunde mbili: homa. Hapakuwa na kasoro katika vali, wala bana, wala kihisi. Ilikuwa kelele ya umeme iliyovaa kanzu ya joto la tanuri.

Na ikishavaa kanzu hiyo, hakuna programu duniani itakayoivua. Programu imepewa namba tu, na namba zinasema joto limebadilika polepole, kwa kasi inayowezekana kabisa. Ushahidi ulipotea mlangoni. Harry Nyquist na waliomfuata wametupa kanuni: kitazame kitu zaidi ya mara mbili kwa kila mtikisiko wa haraka kuliko yote uliomo, au uondoe mitikisiko hiyo kabla ya kutazama. Tulifunga rezista na kapasita mbele ya kompyuta. Kazi ya nusu saa. Vali ya zamani, iliyokuwa imetupwa stoo, ikarudishwa mahali pake.

Baada ya hapo, programu ina nafasi yake ya heshima. Hesabu moja naipenda: chukua wastani wa vipimo vilivyokusanywa ndani ya milisekunde 20 kamili. Huo ni mtikisiko mmoja mzima wa hezi 50, nusu yake juu na nusu chini. Jumla ni sifuri, kelele imejilipa yenyewe. Mita nyingi nzuri za mkononi hufanya hivyo kimyakimya, ndiyo maana namba zake hazichezi. Ila kwetu, pale masafa yanapoyumba, malipo hayatimii sawasawa na salio dogo hubaki. Anayenunua kifaa kilichotengenezwa kwa nchi za hezi 60 na asibadili mpangilio atabaki na salio kubwa zaidi. Milisekunde 100 huzimaliza zote mbili, ukiwa na subira.

HOJA YA NNE: KICHUJIO HULIPWA KWA MUDA

Subira hiyo ina bei. Bomba la Jinja likituliza wimbi, litachelewa pia kukuambia kwamba maji yamepanda. Kichujio kile cha sekunde 0.16, ukikipa badiliko la ghafla, baada ya sekunde 0.16 kitakuwa kimefika asilimia 63 tu ya safari; ngoja mara tano ya muda huo ndipo uamini kwamba kimefika.

Kuna tangi la mafuta ya kula nililolishuhudia. Ndani mlikuwa na pangaboi la kukoroga, uso wa mafuta ukawa unacheza, na kipimo cha kina nacho kikacheza. Fundi akaweka ulaini wa sekunde 30 kwenye transmita. Namba ikatulia, kila mtu akafurahi. Siku ya kujaza, pampu ilikuwa ikipandisha mafuta sentimita moja kila sekunde. Kichujio cha sekunde 30 huchelewa sentimita 30 nyuma ya kitu kinachopanda hivyo. Mwendeshaji aliambiwa asimamishe kwenye mita 2.80, ukingo ulikuwa mita 3.00. Kipimo kiliposoma 2.80, mafuta yalitakiwa kuwa 3.10. Yalikuwa sakafuni, yanatafuta mlango. Tiba tuliyoifanya mmekwisha kuikisia: bomba wima lenye matundu ndani ya tangi, kipimo ndani ya bomba, na ulaini ukarudi sekunde mbili.

Wenzetu wa hospitali wana mfano mchungu zaidi. Hospitali hii ya Nsambya imetokana na kazi ya masista waliofika 1903, wala wakati huo hakuna aliyepima umeme wa moyo hapa. Leo mashine ya kuupima iko karibu na kitanda. Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni kiasi cha milivolti moja, na chumba kizima kimejaa hezi 50. Mgonjwa akipumua, mstari wote unapanda na kushuka; kwa hiyo mashine za uangalizi hukata kila kilicho chini ya hezi 0.5, na kioo kinapendeza. Lakini sehemu moja ya mchoro wa moyo, ule mstari mfupi unaofuata pigo kubwa ambao daktari huutazama akishuku mshipa umeziba, ni wa polepole. Ukikata hezi 0.5, unaweza kuupinda. Ndiyo maana kipimo cha uchunguzi huachiwa kishuke hadi hezi 0.05, mstari uyumbe, macho yachoke, lakini umbo libaki la kweli. Muuguzi anayebadili swichi hiyo ili karatasi ionekane safi amebadili jibu.

HOJA YA TANO, nayo nitaipita mbio. Si kelele yote ni mtikisiko. Mtu akichomelea chuma karibu, au kontakta kubwa ikifunga, kipimo hupigwa mara moja na kutulia. Wastani haufai hapo. Vipimo vitano: 61, 62, 61, 250, 62. Wastani wake ni 99, namba ambayo haikuwahi kuwapo popote. Vipange kwa ukubwa uchukue cha katikati: 62. Huyo mwongo mmoja amenyimwa kura.

Sasa tunaelekea wapi? Nawatazama vijana hawa, na nafikiria bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,443, 296 kwetu, 1,147 Tanzania. Mafuta yetu yana nta nyingi, yakipoa yanaganda kama samli, hivyo bomba hupashwa joto kwa umeme njia nzima yabaki na nyuzi zipatazo 50. Fikirini: waya wa kupasha joto unatembea pamoja na bomba, na kwenye bomba hilo hilo mnatakiwa kusoma joto na mgandamizo. Chanzo cha kelele na kipimo vimelazwa kitanda kimoja, kuvuka nchi mbili.

Bomba likitoboka kidogo, mgandamizo hushuka kidogo, na habari hiyo husafiri ndani ya mafuta kwa kasi inayokaribia kilomita moja au zaidi kwa sekunde kuelekea pande zote mbili. Vituo viwili vikiisikia, tofauti ya muda wao hueleza tundu liko wapi. Mkichuja kidogo mno, kila pampu ikiwashwa kengele italia, na baada ya mwezi hakuna atakayeamka. Mkichuja mno, ile tofauti ya muda mtaisaga unga pamoja na kelele, na mwenye shamba la migomba atawapigia simu kabla ya kompyuta. Swali langu la mwanzo linarudi, gumu zaidi: mgandamizo wa mafuta mazito, ndani ya bomba refu hivi, unaweza kubadilika upesi kiasi gani? Atakayelijibu ni fundi atakayekaa na rekodi za bomba hilo hilo kwa misimu, mvua na kiangazi, akiwa na mwenzake wa Tanga kwenye simu. Na watazungumza kwa lugha gani, nadhani mnaijua.

Bwana Mwenyekiti, muda umeniishia, lakini nilileta kitu. Kwenye meza ile kuna kikombe cha chai, ndani yake themokapo, waya wake nimeulaza makusudi kando ya waya wa taa. Kompyuta inaendeshwa na betri yake, inatazama mara 50 kwa sekunde, haina kapasita mbele. Mnaona mstari ule unavyopumua. Naomba kijana mmoja mwenye saa ahesabu sekunde kutoka kilele hadi kilele na aandike ubaoni. Kisha, kwa idhini yako, yule aliye karibu na mlango ahamishe swichi kuu tuingie kwenye genereta, naye ahesabu tena.